Kemunto, Usiniambie Unakokwenda

Kemunto mwanangu,

Mimi baba yako Nyakundi nina miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko pareto, iliyotujengea nyumba za mabati kisha ikatuacha na magunia matupu. Nimeishi kuliko ndugu zangu wote, kuliko machifu ambao kila mmoja wao aliapa atanifunga kwa ubishi, na kuliko yule daktari aliyeniambia nikiendelea na sukari nyingi kwenye chai sitaiona Krismasi. Krismasi niliiona. Yeye ndiye hakuiona, Mungu amlaze pema. Lakini sikudhani nitaishi hadi siku ya kumsindikiza mwanangu aende mahali ambapo mimi mwenyewe nimekataa kutajiwa jina.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na wewe uko hapo jikoni, nakusikia ukicheka na mama yako. Naandika kwa sababu nikikwambia kwa mdomo, jirani atasikia, na mdomo huu ndio wenye kesi. Tena naandika Kiswahili kwa sababu kalamu yangu haijui Ekegusii. Shuleni niliishia darasa la nne. Kuandika kwa kweli nilijifunzia Kericho kwenye mashamba ya chai, na nikawaandikia barua za nyumbani wanaume wa kambi nzima, waliosoma na wasiosoma. Kwa hiyo usicheke mwandiko.

Mama yako amekwisha kukwambia habari za sweta, za kuchemsha maji, za kufunga mlango kwa komeo na si kwa kitasa peke yake. Hivi sasa anafunga kichwa cha cherehani yako kwenye blanketi kama anafunga mtoto. Miguu ya cherehani itabaki kwangu. Hayo ya safari yana mwenyewe. Mimi nitakwambia ninayoyajua zaidi, yaani makosa yangu. Ninayo mengi na mtu mdogo hawezi kukosa kama mimi.

Nianze na sukari.

Ulikuwa Ogembo, fundi, umeweka cherehani kibarazani kwa Mama Hansa, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa. Sare za shule za nusu ya Ogembo zilipita mikononi mwako, na mimi nilizitangaza hapa kama nimezishona mwenyewe. Kisha kijana yule akaja kwako na suruali ya kupunguzwa. Jina lake sitaliandika, karatasi hii ni yetu. Akarudi na suruali nyingine. Mwisho akawa anakuja bila suruali, anasimama tu ng'ambo ya barabara mpaka ufunge kazi. Ukimuuliza anataka nini, anasema, "Sitaki kitu. Napenda tu kukuona."

Halafu akaja hapa. Alileta sukari, mkate na majani ya chai, akanisalimia kwa mikono miwili. Mimi nikampa kiti changu. Tukanywa chai. Akaniuliza unakuja nyumbani siku gani, unalala kwa nani kule Ogembo, nami nikamjibu yote, maana mgeni aliyeleta sukari hanyimwi maneno.

Ulipokuja Jumapili ukakuta mkate mezani. Ukauliza umetoka wapi. Nilipokwambia, ukauweka chini kama umekuchoma.

"Tata, huyo mtu namwogopa."

"Mtu anayeleta sukari unamwogopa?"

"Nimemkataa. Nimemkataa mbele ya watu."

"Hata mimi mama yako alinikataa," nikasema, nikaanza ile hadithi yangu. Unaijua, umeisikia tangu unyonyeshwe. Namna nilivyomwona akitoka mtoni na mtungi, namna nilivyomfuata siku baada ya siku, na siku aliyotimua mbio kupanda kilima nami nikakimbia nyuma yake hadi mlangoni kwao. Wajomba zake wakatoka na fimbo, na mimi nikasimama palepale nikasema, "Nimefika." Nikakwambia mwanamume anayerudi ndiye mwenye nia. Nikala mkate ule, Kemunto. Niliumaliza mbele yako.

Jioni ile ulirudi Ogembo bila kuniaga. Niliona kiburi cha mtoto. Sikuona kwamba ulikuwa umehesabu waliokuwa upande wako na kukuta nimetoka.

Ya baadaye unayajua kuliko mimi. Alijua chumba chako kwa sababu mimi nilimwambia. Alikuwa akikaa kwenye ngazi yako usiku. Siku aliyokushika mkono sokoni, Mama Hansa alikuvuta ndani akakuficha stoo kati ya majora ya kitambaa, akafunga duka mchana wa siku ya soko, kitu ambacho mwenye duka hafanyi hata kwa msiba. Yeye mwenyewe alikuleta hapa kwa gari lake. Nilimkaribisha chai akakataa. Alisimama uani akaniambia, "Mzee, mimi nina mabinti. Wewe umeuza wako kwa kilo ya sukari." Nilikasirika sana. Nikamwambia ilikuwa kilo mbili.

Unaona mtu niliye.

Sasa zile mbio. Moraa, uliyekaa naye dawati moja na ambaye sasa anafanya kazi na kina mama, ndiye aliyezileta: mbio za hisani, hapa kwetu Nyaramba, siku ya Jumapili ili watu wa Sabato waje na Wakatoliki waje baada ya misa. Unalipa unapewa fulana, unakimbia, na mwisho kikapu kinapita. Pesa ni za wale wanaoandamwa kama wewe: nauli ya kwenda kortini, kodi ya chumba mahali pengine, laini mpya ya simu, wakili.

Watu hawakuelewa. Ombati wa boda boda alisimamisha pikipiki yake katikati ya soko akapaza sauti:

"Moraa, tumechangia figo, tumechangia karo, tumechangia jeneza. Leo tuchangie mtu kufuatwa? Mimi nafuatwa na mwenye pikipiki hii kila jioni, nichangieni basi!"

"Huyo anafuata pikipiki," Moraa akamjibu. "Siku atakayoiacha pikipiki akufuate wewe mpaka kitandani, njoo nikupe fulana bure."

Soko likacheka. Lakini Ombati aliinunua fulana, nilimwona.

Mimi nilijiandikisha wa kwanza. Nilitaka ulione hilo. Sikujua kusema pole, lakini kukimbia najua. Nilivaa akala zangu za tairi nikasimama mstari wa mbele na watoto wa sekondari, na kwa kweli mpaka kwenye daraja nilikuwa mbele yao. Baada ya daraja kuna mlima, hilo si kosa langu. Mwishoni nilipitwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mtoto akageuka akanipungia mkono. Wewe ulirudi nyuma ukatembea na mimi. Ulinishika kiwiko penye mawe. Nikajua nimesamehewa kidogo. Laiti ningeishia pale.

Kikapu kilipita, kikarudi chepesi. Watu walikuwa wanapiga makofi, mikono imo mifukoni. Moraa alikuwa ametuonya tangu mwanzo: hapa hatutaji mtu, hatusimulii ya mtu, hatusemi nani yuko wapi. Lakini mimi nimechangisha miaka yote, na harambee yetu haijui siri. Mgonjwa hubebwa akaonekana. Mtoto wa karo husimamishwa mbele na sare yake, na baba husema jina la mtoto, jina la shule na mahali ilipo. Mkono wetu hautoki mfukoni kabla jicho halijaona. Nilipoona kikapu kile chepesi, damu ya uchangishaji ikachemka.

Mshereheshaji akasema, "Mzee wetu mkimbiaji, wape watu neno!" Moraa akanivuta shati.

"Mzee, tulikubaliana."

"Nilikuwa nachangisha mama yako akinyonya," nikamwambia, nikachukua kipaza sauti.

Nikasema. Nilisema vizuri, Kemunto, hapo siwezi kudanganya, sijawahi kusema vizuri vile. Niliuliza, "Mnataka kujua ni nani anayechangiwa? Ni huyu hapa, binti yangu, fundi asiye na mfano! Amefukuzwa Ogembo kama mbwa. Lakini damu ya Nyakundi haishindwi! Mwezi ujao anafungua cherehani yake Birongo, pale karibu na soko, na ninyi mpelekeeni vitambaa!"

Makofi! Kikapu kikajaa. Wanawake walivua hata lesso wakaweka. Nilikuona umesimama, mkono mdomoni, nikadhani unalia kwa furaha.

Chumba cha Birongo alikuwa amekutafutia Moraa, kimya kimya, kwa wiki nyingi. Walioijua siri ile walitosha kukaa benchi moja. Mimi niliimwaga kwa kipaza sauti.

Wakaja kunishika mkono. Katika foleni ile akaja mmoja mwenye fulana ya mbio na kofia imeshuka usoni. Akatia noti kikapuni. Akanishika kwa mikono miwili, ile ile, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Asante, mzee wangu," akasema. "Birongo nilikuwa sijaifikiria."

Nimekanyagwa na ng'ombe, nimeanguka kutoka paa la kanisa. Sijawahi kuumia kama pale. Nilitaka kupiga kelele, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sauti haikutoka. Alipofika barabarani ndipo nikaweza kumwonyesha kwa kidole.

Siku chache baadaye wauza ndizi wa Birongo walimpigia Moraa simu. Kuna kijana anapita akiuliza habari za fundi mgeni.

Nyumbani nilitegemea unitukane. Hukunitukana. Mama yako ndiye aliyezungumza, akichambua chinsaga, hata hakuinua kichwa.

"Omogaka, ile hadithi yako ya kunifukuza kilimani."

"Imefanya nini?"

"Nilikuwa nimekwisha kukubali."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mshenga wenu alipokuja kwetu, shangazi aliniuliza ndani, nikasema ndiyo. Aliondoka na jibu. Baba yako alikuwa na jibu langu kabla hujaanza kunifuata, ni wewe tu hukuambiwa, kwa sababu tangu ujana hukuwa mtu wa kuambiwa jambo. Siku ile nilikimbia kwa kucheza. Nilikuwa nageuka kuangalia kama unakuja."

"Na kama ungekuwa umekataa?"

Akaweka mboga chini. "Basi ungekuwa yule kijana. Na wajomba zangu wangekuvunja mguu, na wangefanya vyema."

Miaka yote hiyo nilitembea na hadithi ile kama nishani, na mama yako akaiacha, kwa sababu ilinifurahisha. Nikajiuliza ni wavulana wangapi wameisikia kwangu, kwenye harusi, kwenye kituo cha majani chai, wakaenda kuijaribu kwa msichana ambaye hakuwa anacheza. Sitawajua. Tangu siku hiyo nikiisimulia, naisimulia na mwisho wake, na haichekeshi tena sana.

Kisha Moraa akaja na habari kwamba pesa za mbio zitakuhamisha. Kwingine, mbali. Zile zile pesa nilizozijaza kikapuni kwa mdomo, za kwanza kutumika zinakwenda kutibu jeraha la mdomo. Alianza kusema, "Atakwenda..." nikampigia meza. Nikamwambia asimalize. Mama yako akijua, ajue. Yeye alifunga siri yake na shangazi yake tangu usichana. Mimi nisiambiwe.

Wewe ulidhani nimekasirika. Hapana. Najijua. Siri kwangu ni kama maji kwenye kikapu cha majani chai. Na uongo siuwezi. Nikidanganya, masikio yananitoka jasho. Hata machifu walilijua hilo. Njia moja tu ya kukulinda na mdomo wangu ni mdomo kukosa cha kusema.

Si rahisi. Sokoni wananiuliza, nami nasema sijui. Neno hilo sikuwa nalo. Ombati alinicheka: "Mzee mzima hujui mwanao anakwenda wapi! Wewe ni baba wa namna gani?" Nikamwambia, wa namna hiyo hiyo. Akanipeleka nyumbani bila kudai nauli.

Polisi walikuwa wamemwonya yule kijana asikanyage boma letu. Basi Jumanne akaja kituo cha majani, ambako si kwetu. Nilikuwa foleni na kikapu changu. Bado amevaa fulana ya mbio, Kemunto. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mzee wangu, nasikia Kemunto anasafiri. Anakwenda wapi?"

"Sijui."

"Baba hawezi kukosa kujua."

"Sijui."

Akaniinamia, akanitazama machoni muda mrefu, kama mtu anayetazama ndani ya chungu. Akatafuta. Nilimwacha atafute. Masikio yangu yalikuwa makavu. Nikaona uso wake ukibadilika, akageuka kwenda.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mkulima hafanyi: niliacha majani yangu kwenye foleni, nikamfuata. Sikumgusa. Sikumsemesha. Akisimama, nasimama. Akiongeza mwendo, naongeza, na miguu hii bado ipo. Tukapita kinu, tukapita kanisa, tukaingia soko la Nyaramba. Ombati alituona akawasha pikipiki akaja taratibu pembeni. Wauza mboga wakasimama. Yule kijana akageuka.

"Mzee, unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu," nikamwambia. "Napenda tu kukuona."

Mtu mmoja akacheka, kisha soko lote. Shingo yake ilikuwa imelowa. Aliingia gari la kwanza lililopita, hata hakuuliza linakwenda wapi.

Wananisifu hapa kwa siku hiyo, na mimi sikatai sifa. Lakini wewe nitakwambia lililobaki. Kumfuata kulikuwa kutamu. Nilipoona mgongo wake unaogopa, kitu ndani yangu kilisimama kikanyoosha mabega. Nilitaka soko liwe refu zaidi. Nikarudi kwenye kikapu changu polepole, nikawaza, kumbe ni hiki. Hiki ndicho anachokula yeye kila siku, na mimi nilikiita nia. Na lile jasho la shingoni ndilo ulilokuwa nalo wewe, siku uliyoniambia unaogopa, nami nikaendelea kutafuna mkate.

Sisemi amekoma. Moraa anasema watu wa namna hii hawakomeshwi na kicheko, na kesi uliyomfungulia bado iko kortini. Kwa hiyo usirudi kwa sababu baba yako ni shujaa. Baba yako amekuwa shujaa maisha yake yote na haikukusaidia.

Ukitaka kutuma salamu, zitume kwa Moraa. Usinipigie, nitakuuliza hali ya hewa, na kwenye hali ya hewa nitapajua. Ukishona gauni zuri, usitume picha yenye dirisha nyuma yake. Huko utakutana na mwanamume mwema, wapo, mama yako ameolewa na mmoja baada ya kumsahihisha. Ukimwambia hapana, mwangalie anaiweka wapi hapana yako. Basi. Hayo mengine utayajua mwenyewe, wewe una akili za kwao mama yako.

Na kuna jambo moja gumu, nalisema mara moja. Nikifa, mazishi yangu yatatangazwa redioni, maana mtu kama mimi hazikwi kimya. Wewe utasikia, na yeye atasikia. Wazee watasema mtoto asiyemwaga udongo kwenye kaburi la baba yake ana laana. Waache waseme. Kama Moraa hajakwambia ni salama, usije. Udongo wako nimekwisha kuupokea ule mchana wa mbio, uliponishika kiwiko penye mawe. Nimeandika hapa kwa mkono wangu ili asiwepo wa kukushtaki.

Kesho asubuhi nitakubebea kichwa cha cherehani hadi barabarani. Gari likija nitageuka niangalie kilima, nisione limeandikwa wapi. Usidhani sikuagi.

Haya yote ni kweli, na najua wanaosema Nyakundi huongeza chumvi. Ya sukari na stoo, muulize Mama Hansa. Ya kipaza sauti, Moraa. Ya sokoni, Ombati, ingawa yeye atasema nilikuwa nahema. Ya kilima, mama yako. Na kwamba mimi baba yako sijui unakokwenda, wala hakuna wa kunitoa neno hilo, shahidi ni yule kijana mwenyewe: alinitazama machoni akaamini.